Ruhusa ya Mgonjwa na Mzazi: Haki au Hisani?

Katika mambo ambayo watu wetu huyachanganya kila siku ni haki na hisani. Tajiri mmoja humlipa mtumishi wake mshahara kamili hali mtumishi yule amelala wiki nzima kwa homa; watu humsifu, husema huyo ana moyo mwema. Tajiri wa pili hukata mshahara kwa kila siku aliyolala mgonjwa. Watu hunyamaza, husema mali ni yake, na asiyefanya kazi halipwi. Maneno yote mawili, ya sifa na ya udhuru, yana kosa moja ndani yake: yaufanya ujira wa siku za maradhi kuwa sadaka, hutolewa na apendaye na huzuiwa na asiyependa. Somo letu la mara hii lataka kubainisha kwamba sivyo. Ruhusa yenye mshahara, ya mgonjwa na ya mzazi, ni sehemu ya ujira wenyewe. Na mwenye kuizuia amezuia ujira, sawasawa na aliyempunja mtu mwisho wa mwezi.

Tulitazame kwanza jambo hili kwa akili, kabla ya kufungua vitabu. Mwenye jahazi anapopiga hesabu ya mwaka wake hahesabu miezi yote kuwa ya tanga. Ajua kwamba chombo lazima kipandishwe pwani, kikalafatiwe, kipakwe deheni. Na siku hizo chombo hakichumi kitu, wala yeye haachi kukigharimia. Hatukupata kumsikia nahodha akikilaumu chombo kwa uvivu. Gharama ya siku za pwani imo ndani ya nauli ya siku za baharini, na asiyeitia humo chombo chake huoza akabaki na mbao. Basi mwili wa mwanadamu si duni kuliko mbao. Unapomwajiri mtu kwa mwezi na kwa mwaka hukuajiri mkono wake wa kulia peke yake. Umeajiri mwanadamu, nawe wajua, saa ile ya kupatana, kwamba mwanadamu huugua na kwamba mwanamke huzaa. Watu wawili wakipatana hali wote walijua jambo, kisha mmoja akajifanya halijui siku litokeapo, hayo si mapatano ya uadilifu.

Wote twaijua Hadithi ya jasho na ujira, nayo husomwa mimbarini mara nyingi. Aghlabu hufasiriwa kuwa ni onyo kwa anayechelewesha malipo, na ndivyo. Lakini twapenda kumuuliza msomaji: ujira ni nini? Ujira ni kila kitu ambacho mapatano yamesema ni cha mfanyakazi. Na Sura ya Maida yaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mapatano yao, kabla ya kuingia katika hukumu nyingine yoyote. Sasa mtu anayeajiri katika nchi ya Kenya amepatana juu ya msingi wa sheria ya kazi ya Kenya, apende asipende, aandike asiandike. Na maadamu sheria hiyo haimwamrishi maasi, masharti yake yameingia katika ahadi aliyoitoa. Hawezi kusema, hiyo ni sheria ya serikali, mimi sikuahidi. Uliahidi siku ulipomwambia mtu, njoo kesho uanze kazi.

Sheria yenyewe yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila muda wa miezi 12. Yeye naye ana wajibu wake: amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na alete cheti cha tabibu anayetambuliwa. Hicho ndicho kima cha chini kabisa. Makampuni makubwa na mikataba ya vyama vya wafanyakazi mara nyingi hutoa zaidi, lakini hapana mwenye ruhusa ya kutoa kidogo kuliko hapo, hata kama mfanyakazi mwenyewe aliweka sahihi kwamba ameridhika. Ridhaa ya mwenye njaa si ridhaa ya kutegemewa, na watunga sheria walilijua hilo.

Wala mtu asidhani kwamba sheria hii ni ya viwanda na maofisi tu. Wametolewa askari wa majeshi, polisi na baadhi ya watumishi wengine wa serikali ambao wana kanuni zao, na ametolewa mtu ambaye wafanyakazi wake wote ni jamaa zake anaowalisha, katika biashara ya nyumba moja. Mtumishi wa nyumbani hakutolewa. Mwuza duka wa mshahara hakutolewa. Mwalimu wa madrasa aliyepatana na kamati kwa mshahara wa mwezi naye hakutolewa. Twawataja hawa watatu kwa makusudi, kwani tutarudi kwao.

Lakini kuna watu wengi zaidi ambao mlango huu umefungwa mbele yao kwa neno moja tu, nalo ni neno «kibarua». Neno hili lina tarehe yake. Asili yake ni barua ndogo, kipande cha karatasi alichopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi siku ile. Mwenye kipande alilipwa. Asiye nacho hakujulikana. Mtu akiugua hakupunguziwa mshahara, kwani hakuwa na mshahara wa kupunguzwa. Siku yake haikuwapo kabisa. Kwa miaka mingi kazi ya kupakia na kupakua meli Mombasa iliendeshwa na watu wa namna hiyo, waliokuja asubuhi na kuondoka jioni, na mwenye kazi hakuwa na dhima nao baada ya jua kuchwa. Ndio hali iliyokuwapo nyuma ya mgomo mkubwa wa Januari 1947, uliosimamisha bandari na reli na kazi nyingi za mji. Na katika miaka ya 1950 ndipo waajiri wa bandari walipoanza kwa uzito kuwageuza vibarua kuwa watu wa kudumu.

Sheria ya leo imejaribu kuufungua mlango huo. Kibarua, kwa maana ya sheria, ni yule anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini kifungu cha 37 chasema kwamba akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake ni kadiri ya mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyotazamiwa kwisha katika miezi 3, basi amekwisha kutoka katika ukibarua, na mapatano yake yahesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi. Na akifanya kazi mfululizo miezi 2 tangu alipoajiriwa kama kibarua, astahiki yote ambayo angeyastahiki lau aliajiriwa hivyo tangu mwanzo, na ruhusa ya ugonjwa imo. Ni wangapi katika wapakiaji wa maghala yetu, wapishi wa hoteli na mafundi wasaidizi wanaoitwa vibarua mwaka wa 5 na wa 6? Twajua pia hila inayotumika: mtu huambiwa apumzike siku chache mwisho wa mwezi, kisha arudi kama mgeni. Mwenye kufanya hila hiyo ajua vyema kwa nini aifanya, na kwa hiyo hana udhuru wa kutojua.

Tuje kwenye uzazi. Hapa sheria ya nchi hii imekwenda mbele, na haki ni kulisema hilo. Sheria ya mwaka 1976 ilimpa mama miezi 2 kwa mshahara kamili, lakini ikamnyang'anya kwa mkono wa pili: aliyechukua ruhusa ya uzazi alipoteza ruhusa yake ya mwaka. Yaani kuzaa kulihesabiwa kuwa mapumziko! Mwanamke aliyekesha na mtoto mchanga aliambiwa kwamba ameshapumzika mwaka huu. Sheria ya 2007 ililiondoa hilo. Sasa mama ana miezi 3 kwa mshahara kamili. Ruhusa ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi, haiguswi. Na akirudi ana haki ya kazi yake ile ile, au nyingine imfaayo isiyo duni kwa masharti. Atoe taarifa siku 7 kabla, na cheti cha tabibu au mkunga akitakiwa. Baba ana wiki 2 kwa mshahara kamili. Na tangu marekebisho ya mwaka 2021, anayepokea mtoto wa kulea kwa njia ya mahakama ana mwezi 1.

Miezi 3 yatosha? Matabibu, na Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja nao, wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza. Kwa hiyo ruhusa hukoma katikati ya njia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea penye usafi na faragha, na muda wa kunyonyesha; lakini atembee mtu katika maduka na maghala yetu atafute chumba kama hicho, kisha atueleze alichokiona.

Katika mlango huu kuna kisa katika tarehe ya Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, ambacho kwa maoni yetu chafaa kusomwa na kila mtunga sheria. Umar, aliyeshika ukhalifa tangu mwaka 634 hata 644, alikuwa amewawekea watoto posho kutoka hazina ya umma, lakini kwa sharti kwamba mtoto awe ameachishwa ziwa. Sharti lile lilionekana la busara: anyonyaye hahitaji chakula. Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulitua Madina, naye akatoka pamoja na Abdur-Rahman bin Auf kuulinda. Akasikia mtoto akilia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Mungu amtazame mtoto wake. Akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena. Akaenda mara ya pili na ya tatu, hata mwisho akamlaumu mama yule kwa maneno makali. Mama, hali hamjui asemaye naye, akamweleza kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hawapi posho ila walioachishwa. Wapokezi wasema kwamba alfajiri ile Umar alisalisha watu, na kwa kulia kwake kisomo chake hakikufahamika. Kisha akaamuru itangazwe kwamba watu wasiwaharakishe watoto kuacha ziwa, na kwamba kila mtoto azaliwaye atapata posho tangu kuzaliwa.

Tukitazame kisa hiki kwa makini. Yule mama hakuwa mbaya. Aliyekuwa na kosa ni sharti. Umar alitangulia kumlaumu mtu, kisha akaona kwamba lawama yastahiki kwenda kwenye kanuni iliyomsukuma mtu, na kanuni hiyo ni yake mwenyewe. Sisi leo twamwona mama akimwacha mtoto wa wiki 5 kwa jirani, amempa maziwa ya kopo yaliyotiwa maji mengi ili yatoshe wiki, na twasema wanawake wa siku hizi hawana huruma. Tumwulize kwanza nani alimwambia kwamba asiporudi Jumatatu nafasi yake itachukuliwa. Aya ya 233 ya Sura ya Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na ikamtwika baba chakula na nguo za mama. Baba huyo atatoa wapi, ikiwa naye amekatwa mshahara kwa siku alizompeleka mkewe hospitali?

Jirani zetu wa Tanzania wamepanga mambo haya kwa namna nyingine, na kulinganisha kwafaa. Sheria yao ya mwaka 2004 yampa mama siku 84, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba apata siku 3 tu, nasi hapo tumewazidi sana. Lakini katika ugonjwa wao wametuzidi zaidi: mfanyakazi ana siku 126 katika muda wa miezi 36, nusu yake ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Wetu, katika miezi 36 hiyo hiyo, ana siku 42 zote pamoja. Tena Tanzania imeweka siku 4 za mshahara kwa mtu ambaye mtoto wake ni mgonjwa au amefiwa na aliye karibu naye. Sheria yetu ya ajira haina kifungu cha namna hiyo. Mtoto akishikwa na kifafa usiku, mzazi wa Kenya huchukua siku katika ruhusa yake ya mwaka, au husema uongo kwamba ni yeye aliyeugua, au hubembeleza. Sheria inayomlazimisha mtu mkweli kuchagua katika hayo matatu yataka kutengenezwa.

Na tukitaja kufiwa, kuna mwanamke ambaye hakutajwa popote katika sheria yetu, naye ni mjane wa Kiislamu. Eda yake, kama ilivyo katika Aya ya 234 ya sura hiyo hiyo, ni miezi 4 na siku 10. Huko Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, sheria ya kazi ya mwaka 2023 yampa mjane Mwislamu siku 130 za ruhusa yenye mshahara. Na Saudia nayo imeweka miezi 4 na siku 10 kwa mshahara kamili. Hapa kwetu mwalimu wa skuli au muuguzi aliyefiwa na mumewe hana ila siku zake 21 za mwaka, kama hakuzitumia, na wema wa mkubwa wake. Zikiisha, ruhusa isiyo na mshahara, katika nyumba ambayo mshahara wa pili umekwenda kaburini.

Juu ya hili twataka kusema jambo moja kwa uwazi, kwani tumesikia wajane wakisemwa vibaya. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawakumfungia mwenye eda ya kufiwa mlango usiku na mchana. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika darasa zetu tangu zamani, imetajwa kwamba mwanamke huyo aweza kutoka mchana kwa haja mfano wa kununua chakula na uzi. Mjane asiye na wa kumlisha, akatoka asubuhi kwenda kazini na kurudi nyumbani kwake jioni, ametoka kwa haja. Anayetaka akae ndani siku zote 130 na amtafutie kwanza chakula cha siku hizo, ndipo amsemeshe. Njia iliyo bora ni kuomba kwa umoja wetu, kwa wabunge na kwa vyama vya wafanyakazi, kwamba ruhusa ya eda iandikwe katika sheria, walau sehemu yake yenye mshahara.

Sasa turudi kwa wale watatu, na hapa maneno yetu hayaendi tena kwa serikali. Yaja kwetu.

Mtumishi wa nyumbani akiugua katika majumba mengi ya mji, hupewa vidonge viwili siku ya kwanza, hutazamwa kwa jicho baya siku ya pili, na siku ya tatu hupewa nauli ya basi aende akaugue kwao. Akipona hukuta mwingine. Akionekana ana mimba, hata siku ya tatu haingojwi. Sheria yasema kwamba mimba si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi, na kwamba mwajiri amtafutie mgonjwa dawa zifaazo, na tabibu kama yawezekana ugonjwa ukiwa mkubwa. Lakini tuiache sheria kando. Mwanamke huyu ndiye aliyewaogesha watoto wetu walipokuwa na surua. Wao walipougua hatukuwapa nauli.

Mwuza duka naye hali yake yajulikana: mara nyingi ni kijana wa ukoo, na jina la ujamaa hutumika kumnyima. Siku ya faida yeye ni mfanyakazi, apokee mshahara wake asiulize. Siku ya ugonjwa yeye ni mtoto wetu, asihesabiane na mjomba wake. Mjomba na achague moja.

Lakini aibu iliyo kubwa ni ya madrasa. Mwalimu anayewasomesha watoto wetu Qur'ani, ambaye twamwita maalim na kumbusu mkono, akilala kwa malaria wiki mbili, kamati humtembelea, humwombea dua, kisha mwisho wa mwezi humpa nusu ya mshahara, kwa hoja kwamba wazazi hawakulipa kwa kuwa watoto hawakusoma. Mwalimu wa kike akijifungua, huambiwa apumzike atakavyo, na kupumzika huko hakuna senti ndani yake. Wenye kamati si watu wabaya. Wengi wao hutoa mali zao na wakati wao. Ila hawakupata kukaa kupiga hesabu, wakadhani jambo hili lataka utajiri.

Tuipige pamoja. Tuseme mwalimu apokea shilingi 13,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Siku moja ni shilingi 500. Akiugua siku 14, mshahara wake ulikuwa umekwisha kukadiriwa tangu mwanzo wa mwaka, kwa hiyo gharama mpya ni ya badali atakayekaa mahali pake: siku 14 kwa shilingi 500 ni shilingi 7,000. Katika siku hizo, 7 za mwisho mwalimu mgonjwa apata nusu, basi kamati imebakiwa na shilingi 1,750. Iliyozidi ni shilingi 5,250 kwa mwaka. Madrasa yenye watoto 50 yahitaji shilingi 105 kwa kila mtoto kwa mwaka mzima, yaani haifiki shilingi 9 kwa mwezi. Na hiyo ni kwa mwaka ambao mwalimu ameugua siku zote 14. Walimu wengi hawafiki hapo, na fedha hubaki katika mfuko. Uzazi ni mzito zaidi: badali wa miezi 3 ni shilingi 39,000, na madrasa moja yaweza kulemewa. Lakini madrasa 10 za mtaa zikichanga mfuko mmoja, kila moja yatoa shilingi 3,900 kwa uzazi mmoja. Watu wetu hukusanya zaidi ya hizo kwa biriani ya maulidi moja, na hatusemi hayo kwa kuwakataza biriani.

Huenda mwenye duka dogo akasema: mimi nina watu wawili tu, mmoja akizaa na mwingine akiugua nitafunga. Hoja hii si ya kudharauliwa. Kwa hakika hapa ndipo penye upungufu mkubwa wa mpango wa Kenya, kwamba mshahara wa ruhusa ya uzazi watoka mfukoni mwa mwajiri mmoja peke yake. Natija yake ni kwamba tajiri humtazama msichana aliyeolewa juzi, akamwajiri mwanamume. Makato ya bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75 ya mshahara tangu Oktoba 2024, hulipia matibabu. Hayamlipi mtu mshahara wake akiwa amelala. Katika nchi nyingi gharama hiyo hubebwa na mfuko unaochangiwa na waajiri na wafanyakazi wote, na Shirika la Kazi la Kimataifa katika mkataba wake wa uzazi wa mwaka 2000 limeelekeza huko: wiki 14, na mwajiri asiachiwe mzigo peke yake. Ujerumani ilianza bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Basi mwenye duka dogo ana haki ya kudai mfuko kama huo serikalini, na angalidai kwa sauti twangalikuwa pamoja naye. Asichokuwa na haki nacho ni kuulipa upungufu wa serikali kwa mshahara wa mtumishi wake.

Na mfanyakazi naye asikilize. Cheti cha ugonjwa kilichonunuliwa ni ushahidi wa uongo, na mshahara uliopatikana kwa cheti hicho ni haramu tumboni. Tena dhara yake haimpati tajiri peke yake: kila anayejifanya mgonjwa siku ya Ijumaa humfanya mgonjwa wa kweli wa Jumatatu asisadikiwe.

Aliyedhulumiwa ana njia. Aanze kwa kusema na mwajiri wake kwa adabu na kumwonyesha kifungu, kwani wengine hawajui. Asipopata, aende kwa afisa wa kazi wa kaunti, na mwisho ni mahakama ya ajira na kazi. Asikawie, madai ya mapatano ya kazi yana muda wa miaka 3.

Sheria yataka mapatano ya kazi ya miezi 3 au zaidi yaandikwe, na ndani yake yatajwe masharti ya ugonjwa. Wengi wametuambia kwamba hawajui waandike nini. Kwa hiyo darasa letu limetunga mfano ufuatao, ambao kamati yoyote ya madrasa yaweza kuunakili, na mwenye nyumba au duka aweza kuubadili kwa hali yake. Uandikwe nakala mbili, pande zote mbili zitie sahihi mbele ya mashahidi, na nakala moja abaki nayo mwalimu.

«Sisi kamati ya madrasa ya … tumepatana na Mwalimu … kwa mshahara wa shilingi … kwa mwezi, kuanzia tarehe …. Kila baada ya miezi 12 atapata siku 21 za kazi za mapumziko kwa mshahara kamili. Baada ya miezi 2 ya kazi, akiugua na akaleta cheti cha tabibu, atalipwa mshahara kamili kwa siku 7 na nusu mshahara kwa siku 7 zifuatazo, katika kila miezi 12. Mwalimu wa kike akijifungua atapumzika miezi 3 kwa mshahara kamili na atarudi katika darasa lake. Mwalimu wa kiume ambaye mkewe amejifungua atapumzika wiki 2 kwa mshahara kamili. Mwalimu aliyefiwa na mumewe atalipwa mshahara wake katika muda wa eda, kwa kadiri kamati na mfuko wa mtaa walivyokubaliana, nayo ni siku …. Siku za ugonjwa, za uzazi na za eda hazitapunguzwa katika zile 21 za mwaka. Badali atatafutwa na kamati na kulipwa na kamati. Mwalimu hatadaiwa kumtafuta wala kumlipa.»